Nani Anajua Mpaka? Historia ya Wajuzi wa Udongo Kwetu Fizi

Marafiki wanaotusaidia na pesa wanatuuliza swali moja kila mwaka, na ni swali la haki: kwa nini katika bajeti ya udongo sehemu kubwa inaenda kwa wazee wa vijiji, na sehemu ndogo kwa jeometre wa mjini? Wanachama wengine pia wanauliza, tena kwa sauti kubwa zaidi: "Mutupatie makaratasi, maneno ya wazee tulisha choka nayo!" Ili kujibu inatupasa kurudi nyuma mpaka mwaka 1885, juu hapo ndipo karatasi na udongo vilianza kuachana.

Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya mfalme Léopold II ilitoa amri kwamba udongo wote ulio mtupu ni mali ya serikali. Neno "mtupu" linaonekana jepesi, lakini nani anapima utupu? Mtu wa ofisi akipita mahali penye vichaka aliona pori. Mwenye kijiji, mahali palepale, aliona shamba lililolala, ambalo familia fulani italirudilia likiisha kupumzika. Alijua ni familia gani, na nani alilifyeka mara ya kwanza. Hapo kuna ujuzi mzima ambao amri haikuutaja hata kwa neno moja.

Wabelgiji, walipoichukua Kongo mwaka 1908, walikuta tatizo hilo likiwangoja. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, yenye uwezo wa kugawa udongo wa Kivu kwa masetla na makampuni, na manunguniko yakazidi. Kisha ikaja amri ya tarehe 31 Mei 1934: kabla ya kusema udongo ni mtupu, lazima afisa afanye uchunguzi na kusikia haki za wenyeji. Afisa huyo hakuwa mwenyeji wa pale, na mara nyingi lugha ya kijiji hakuijua. Alihitaji kapita wa kumtafsiria na mzee wa kumtembeza: mto huu, jiwe lile, kaburi la babu wa fulani. Karatasi nyingi tunazoheshimu leo kama kazi ya Wazungu zilianzia katika miguu ya mzee ambaye jina lake halikuandikwa.

Tusiwafanye wazee malaika. Shefu aliyetaka kumpendeza afisa aliweza kusema udongo wa jirani yake ni mtupu, na wa kwake una watu. Lakini hata uongo huo ulihitaji mtu anayejua mpaka uko wapi, na uliweza kukanushwa na mwingine anayejua vilevile.

Tunapita haraka kwenye miaka ya uhuru, pamoja na sheria ya Bakajika ya mwaka 1966, ili tufike kwenye sheria inayotubana mpaka leo, ile ya tarehe 20 Julai 1973. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya serikali peke yake, hauuzwi wala haupotei kwa kupita kwa miaka. Kifungu cha 387 kinaingiza ndani yake hata udongo unaokaliwa na jamaa za vijijini. Halafu kifungu cha 389 kinaahidi kwamba haki za watu hao juu ya udongo wao zitapangwa na ordonansi ya Rais. Miaka kumi ikapita, ishirini ikapita, arobaini ikapita, ordonansi haikutoka. Mkulima wa Fizi akabaki katikati: si mwizi, na mbele ya kadastri si mwenyewe pia. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, ilipunguza kidogo uzito huo kwa kulinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Lakini desturi haina kabati la kuweka mafaili. Iko katika vichwa vya watu.

Sheria hiyohiyo ya 1973 ilijua jambo hilo. Kwa udongo wa vijijini inadai uchunguzi wa mbele: kuhakikisha mipaka, kuandika watu wote waliokutwa pale, kueleza hali ya mahali, kusikiliza kila mwenye malalamiko. Yaani sheria yenyewe inamtuma mtu wa serikali kwa mzee. Kinachotokea mara nyingi ni kingine. Faili inatembea kutoka meza moja hadi nyingine mjini, komisyonere anapata chake, na uchunguzi unaandikwa bila kiatu kushika matope. Komisyonere si mjinga, tuseme ukweli. Anajua bei, anajua mnunuzi, anajua nani wa kuona ofisini. Asichojua ni kama anachouza kilikuwa zawadi ao mkopo.

Hapo tukae kidogo, juu kesi nyingi za wanachama wetu zinalala hapo. Katika Kivu kuna njia nyingi za kupata shamba, na kila moja ina alama zake. Tuchukue mfano unaojulikana, wa Bushi. Aliyetoa kalinzi, kwa kawaida ng'ombe, alipata udongo ambao watoto wake wanaurithi. Aliyechukua kwa bwasa alilima kwa muda tu, na hakuruhusiwa kupanda mimea ya kudumu. Katazo hilo la miti, kwa sura hii ao ile, liko sehemu nyingi, na maana yake ni wazi: mti wa miaka mingi ni ushahidi. Anayepanda mingazi anasema mbele ya kijiji kizima kama udongo ni wake. Sasa angalia karatasi za wakati wa vita zilizotiwa saini na mashefu wa lokalite. Zinaandika neno moja tu: "amepewa". Amepewa alime ale, ao amepewa milele? Anayejua ni yule aliyekuwa pale siku ile, aliyeona kama kulitolewa mbuzi ao kulinywewa pombe tu.

Na vita ndivyo vilivyowatawanya hao waliokuwa pale. Mwaka 1996, na tena 1998, watu wa Fizi walivuka ziwa kwenda Kigoma. Nyarugusu na Lugufu zikawa miji yetu. Watoto walizaliwa huko, wazee wakazikwa huko. Mwaka 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli hadi Baraka, na mwaka 2009 Lugufu ikafungwa. Kijana aliyeshuka Baraka akiwa na miaka kumi na minane alijua ramani ya kambi, mtaa kwa mtaa, lakini shamba la baba yake alilijua kwa hadithi tu. Shambani akamkuta mtu mwingine. Mara nyingi huyo naye alikuwa amekimbia kwao, ao alipewa na shefu aliyebaki akilinda kijiji wakati sisi hatupo. Si haki kumuita mnyang'anyi kabla ya kusikiliza.

Kesi moja ya namna hiyo tuliifuata mwaka uliopita, katika kijiji kimoja cha kando ya ziwa. Baraza mbili zilishindwa. Upande mmoja una karatasi ya shefu, upande mwingine una jina la babu. Mwisho mtu akasema: "Na mama mkubwa wa pale kwa mto, mumemuuliza?" Hakuna aliyekuwa amemuuliza, kwa sababu kwa desturi mpaka ni neno la wanaume. Mama huyo hakukimbia. Alilima jirani miaka yote ya vita. Akasema: "Siku ile walikunywa pombe, mbuzi haikukuwa. Na shefu alimwambia, mungazi usipande. Muende muangalie." Tukaenda. Mingazi yote ilikuwa mirefu, ya kabla ya vita. Hakuna hata mmoja mchanga. Mwenye karatasi aliangalia chini, akakubali. Wakapatana avune muhogo wake misimu miwili, na shefu amtafutie mahali pengine. Karatasi ya mapatano iliandikwa siku hiyohiyo, ikatiwa saini na wote, na kwa mara ya kwanza katika mafaili yetu jina la mwanamke liko kwenye mstari wa shahidi wa mpaka.

Jeometre tunamhitaji, na tutaendelea kumlipa. Alama zake za GPS zinakaa pale ambapo mto unahama na mti unakatwa. Lakini jeometre anapima mpaka anaoonyeshwa. Akionyeshwa mpaka wa uongo, ataupima vizuri kabisa, na kuuvunja uongo wenye sertifika kunahitaji avoka, safari za mjini na miaka ya kungoja. Ndiyo sababu mzee anatangulia katika bajeti: chakula cha siku ya kutembea, posho ndogo inayotangazwa mbele ya wote ili isiitwe rushwa, na mashahidi wa pande zote mbili, wanaume na wanawake, wasitoke ukoo mmoja. Kijana mmoja wa chama anaandika, mwingine anapiga picha za miti na mawe. Makaratasi yanatolewa nakala tatu: moja kwa shefu, moja kwa familia, moja kwa ofisi yetu.

Kutembea kwa mwaka huu kutaanza mwezi wa saba, wakati nyasi zimeungua na mawe ya mpaka yanaonekana. Tunaanza na vijiji vya mlimani, ambako wajuzi waliobaki wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Mmoja wao miguu haimbebi tena. Wajukuu wake wanatengeneza kipoyi, na katika bajeti mtaona mstari wa wabebaji wanne.