Safu ya Lugha: Kupandisha Gia

Gia, neno lililotoka Kiingereza, ni gurudumu la meno ndani ya giaboksi na pia ni ngazi ya mwendo. Kupandisha gia ni kutoka, tuseme, ya pili kwenda ya tatu; kupiga resi ni kuongeza mizunguko ya injini tu, hata gari likiwa limesimama. Wasimulizi wa mbio za magari za mita 402 huyachanganya mambo haya mawili, na huchanganya pia nguvu ya injini na msokoto, yaani uwezo wake wa kuzungusha. Anayepandisha gia msokoto ukiwa kileleni amewahi mno. Kwa kupandisha gia, uwiano wa gia ukishuka kutoka 2.0 hadi 1.4, injini yenye mizunguko 7,000 kwa dakika huangukia 4,900. Wakati mwafaka ni pale gia inayofuata inapoyasukuma magurudumu zaidi kuliko iliyopo: mara nyingi baada ya kilele cha nguvu, karibu na alama nyekundu ya kipimo cha mizunguko.