Alfajiri ya Pasaka Makaburini: Faraja ya Wafiwa katika Kanisa la Moravian, kutoka Herrnhut hadi Rungwe

Kabla jua halijachomoza siku ya Pasaka, washarika wa Kanisa la Moravian katika nchi nyingi, Tanzania ikiwa mojawapo, hutoka kanisani kwa maandamano, wakiongozwa na wapiga matarumbeta, na kwenda makaburini kutangaza ufufuo wa Yesu mbele ya wafu wao wenyewe. Desturi hiyo ina umri wa karibu miaka 300, na historia yake inaonyesha kwamba faraja ya Kikristo, pale ilipodumu, ilitokana na mambo ambayo mfiwa alipewa kuyafanya pamoja na wenzake, mahali maalumu na saa maalumu, kuliko ilivyotokana na maneno aliyoambiwa.

Chimbuko lake ni Herrnhut, kijiji cha Saxony mashariki mwa Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani waliotoka Moravia, nchi ambayo leo imo ndani ya Jamhuri ya Cheki. Wakimbizi hao, wakiongozwa na fundi seremala Christian David, walipewa hifadhi katika ardhi ya mwana wa ukoo wa kikabaila, Nikolaus Ludwig von Zinzendorf, na wengi wao walikuwa mabaki ya Umoja wa Ndugu, kanisa lililoundwa mwaka 1457 na wafuasi wa mafundisho ya Jan Hus, mhubiri wa Bohemia aliyechomwa moto mwaka 1415. Watu waliotoroka usiku na kuacha wazazi, mashamba na makaburi ya ukoo hawakuhitaji kufundishwa maana ya kupoteza jamaa. Walichokosa ni mahali pa kuwalilia. Mwaka 1730 kijiji kilitenga eneo la maziko kwenye mteremko wa kilima cha Hutberg, wakaliita Shamba la Mungu, jina ambalo Wajerumani walikuwa wakilitumia tangu zamani kwa makaburi na ambalo lilioana vyema na waraka wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, unaoufananisha mwili uliozikwa na mbegu iliyopandwa.

Pasaka ya mwaka 1732 kundi la vijana wa kiume ambao hawajaoa lilikubaliana kupanda kilimani alfajiri na kuimba nyimbo za ufufuo kati ya makaburi. Hakuna mchungaji aliyewaagiza, wala hakukuwa na utaratibu ulioandikwa. Mwaka uliofuata ushirika mzima uliwafuata, na baada ya miongo michache jambo hilo lilikuwa limekuwa ibada yenye liturujia yake, yaani mpangilio wa maneno yanayosemwa kwa zamu na kiongozi na waumini, ambayo hadi leo ndiyo ungamo kuu la imani la Wamoravian. Ndani ya liturujia hiyo mna ombi linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi kuliko sehemu nyingine yoyote: kanisa linaomba liendelee kuwa na ushirika wa milele na wale ndugu, wanaume na wanawake, walioingia katika furaha ya Bwana wao tangu Pasaka iliyopita, na palikuwa na desturi ya kuwataja hao kwa majina. Kwa njia hiyo kila aliyefiwa, iwe msiba wake ulitokea siku chache baada ya Pasaka au wiki moja kabla yake, alijua kwamba mwaka hautazunguka bila kanisa zima kusimama kaburini pamoja naye, hata kama majirani walikuwa wamekwisha kuacha kumuulizia.

Mpango wa makaburi yenyewe ulibeba fundisho. Wamoravian waliishi katika makundi waliyoyaita kwaya, neno ambalo kwao halikuwa na maana ya waimbaji tu bali ya watu wa hali moja ya maisha: watoto, vijana wa kiume, vijana wa kike, wanandoa, wajane. Kila kundi lilikuwa na sala zake, na wafu walizikwa kwa kufuata makundi hayo wala si kwa koo, chini ya mawe ya bapa yanayolingana. Mtu alipofariki, wapiga tromboni walitangaza kifo kwa tuni za nyimbo, na kila kundi lilikuwa na tuni yake, kwa hiyo aliyekuwa shambani au karakanani alifahamu mara moja kama aliyeondoka ni mtoto, mjane au kijana, akaanza kuomboleza kabla hajajua jina. Kifo waliita kurudi nyumbani.

Ingekuwa makosa kudhani kwamba lugha hiyo ya matumaini ilitoka kwa watu wasioumia. Zinzendorf na mkewe, Erdmuthe Dorothea, walizaa watoto 12, na wengi wao walikufa wakiwa wadogo. Christian Renatus, mwana waliyemtegemea kuendeleza kazi, alifariki London mwaka 1752 akiwa na umri wa miaka 24, mama yake akamfuata mwaka 1756 na baba mwaka 1760. Mwaka ule ule wa ibada ya kwanza ya Hutberg, ushirika ulianza kutuma wamisionari katika visiwa vya Karibi, na wengi katika kundi lililopelekwa St. Croix muda mfupi baadaye walikufa kwa homa, jambo lililomaanisha kwamba familia za Herrnhut zililia watu ambao makaburi yao hazingeyaona kamwe. Kwa wafiwa wa namna hiyo Shamba la Mungu lilikuwa mahali pa kuwakumbuka hata wafu waliozikwa ng'ambo ya bahari.

Desturi nyingine, ambayo pengine ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, ni wasifu wa maisha. Kila muumini alihimizwa kuandika habari za maisha yake mwenyewe, ndugu zake wakamalizia kwa kueleza ugonjwa wake na saa zake za mwisho, kisha maandishi hayo yakasomwa katika ibada ya mazishi na kuhifadhiwa. Maelfu yake yamo katika makavazi ya Herrnhut na ya Bethlehem, mji ambao Wamoravian waliujenga Pennsylvania kuanzia mwaka 1741. Mmojawapo ni wa Ofodobendo Wooma, Mwigbo aliyebatizwa Bethlehem mwaka 1746 kwa jina la Andrew, ambaye anasimulia jinsi baba yake alivyokufa angali mtoto, kaka yake akamweka rehani kwa mbuzi wawili, na aliyemchukua akamuuza utumwani. Kanisa hilo halikuwa na mikono safi katika utumwa, kwa kuwa lenyewe lilimiliki watumwa, na ukweli huo haupaswi kufichwa. Hata hivyo simulizi ya mtu aliyenyang'anywa ukoo wote ilipata kusikilizwa na kutunzwa, ilhali mamilioni ya watu wa hali yake walizikwa bila hata jina.

Desturi hizi zilifika katika Tanzania ya leo pamoja na wamisionari wanne wa Kimoravian, Theodor Meyer akiwa miongoni mwao, waliofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na kuanzisha kituo chao chini ya Mlima Rungwe, katika nchi ya Wanyakyusa. Mmoja wao, Georg Martin, alikufa kwa homa mwaka huo huo, hivyo misheni ilianza kwa kuchimba kaburi. Waliowakuta walikuwa watu wenye utaratibu wa kina kuhusu kifo, pengine wa kina kuliko wao. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, walieleza jinsi marehemu alivyozikwa kando ya nyumba yake, wanawake wakiomboleza kwa sauti kwa siku kadhaa, wanaume wakicheza ngoma ya vita na mikuki mikononi, na ng'ombe wakichinjwa kwa ajili ya jamaa na majirani. Mila zilizofuata zilikusudia kwanza kumtenga marehemu na walio hai, asiwasumbue katika ndoto, kisha kumrudisha nyumbani akiwa mzimu mwema, na iliaminika kwamba mfiwa aliyezipuuza angeweza kurukwa na akili. Monica, mwenyewe binti wa wamisionari wa Afrika Kusini, alimpoteza Godfrey mwaka 1944, na vitabu vikuu kuhusu Wanyakyusa alivichapisha akiwa mjane, kutokana na madaftari waliyoyajaza pamoja.

Imani hiyo kuhusu kurukwa na akili ndiyo ufunguo wa kuelewa uzito wa msiba kwa Mkristo wa kizazi cha kwanza. Mjane aliyebatizwa alipokataa mila za ukoo alikuwa, machoni pa shemeji zake, akijitia hatarini yeye na watoto wake, na akiugua baadaye lawama ilikuwa tayari. Wamisionari wengi wa wakati huo hawakuuona vizuri mzigo huo. Waliikataza ngoma ya maziko, na kilio cha sauti wakakihesabu kuwa dalili ya kukosa imani, wakiegemea onyo la Paulo kwa Wathesalonike kuhusu huzuni ya wasio na matumaini, ingawa Paulo hakukataza huzuni, na Injili ya Yohana inamwonyesha Yesu mwenyewe akimlilia Lazaro. Hapo walikosea, kwa kuwa walimwondolea mfiwa kazi iliyomshikilia, na mahubiri peke yake hayakutosha kujaza pengo hilo.

Kilicholijaza kwa kiasi ni alfajiri ya Pasaka. Wanyakyusa walikuwa wakiishi katika vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja walijenga pamoja na kuzeeka pamoja, kwa hiyo kanisa lililowapanga watu kwa hali za maisha na kuomboleza kwa makundi halikuwa geni sana kwao. Ibada ya makaburini ilimpa Mkristo njia ya kumrudia marehemu wake hadharani, pamoja na umati, bila kumwita arudi nyumbani kama mzimu na bila kumwacha asahauliwe. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kanisa liliendelea mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, wakisaidiwa na misheni ya Waskoti kutoka Livingstonia, katika miaka ile ile ambayo vita, uchukuzi wa kulazimishwa na homa ya mafua ya 1918 na 1919 vilijaza makaburi Afrika Mashariki nzima. Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920 walikuta kanisa lililokwisha kuzika watu wake bila wao.

Leo Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na desturi hiyo imevaa sura ya mahali. Tromboni za Herrnhut zimekuwa bendi za tarumbeta. Mawe ya bapa yanayolingana hayakushika mizizi, kwa sababu familia hupendelea kaburi la saruji au la vigae lenye msalaba, na Rungwe wengi bado huzikwa nyumbani, kando ya migomba. Kilio cha sauti kimerudi, na kwaya huimba katikati ya kilio hicho.

Wasifu nao husomwa, kama ulivyo utaratibu wa mazishi ya Kikristo karibu kila mahali nchini, lakini mara nyingi umekuwa orodha ya tarehe ya kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, ugonjwa na idadi ya watoto na wajukuu, na hasara hiyo si ndogo. Wasifu wa zamani ulitaja mashaka ya mtu, ugomvi wake, hofu yake ya kufa na jinsi alivyopata amani, mambo ambayo waliobaki waliyahitaji zaidi kuliko majina ya shule. Sasa kwa kawaida mwandishi wake ni mwanafamilia aliyepewa kazi hiyo usiku wa kuamkia mazishi, ilhali Herrnhut muumini aliianza mwenyewe akiwa na afya, na ndugu zake wakabakiwa na ukurasa wa mwisho tu wa kuandika.