Kibanda kinachokataa

Nimepita mbele ya vibanda vya reli miaka nenda rudi bila kuvitazama mara mbili. Juzi, nikiwa St Albans, kaskazini ya London, nikapanda ngazi za kimoja. Jamani, nimeshuka na mawazo mazito.

Kinaitwa St Albans South. Kampuni ya reli ya Midland ilikijenga mwaka 1892, enzi za Malkia Victoria, kwa ajili ya kuongozea treni. Ni kijumba cha mbao kilichonyanyuliwa juu, ngazi zake ziko nje. Midland hawakuchora ramani mpya kila kituo: kuta zilitengenezwa vipande vipande huko Derby, zikaja kuunganishwa kando ya reli. Ukiona madirisha ambayo vioo vyake vya juu vimekatwa pembe, ujue hao ni Midland.

Usidhani ni urembo tu. Juu kumezungushiwa vioo ili mwenye zamu aone kila treni, pamoja na taa ya mkiani, ajue hakuna behewa lililoachwa njiani. Mbele yake zimesimama nyenzo 44 za chuma: nyekundu za ishara za kusimamisha treni, nyeusi za kuhamishia njia. Huzishika kwa kitambaa, maana jasho hula chuma.

Akili yenyewe iko chini, mahali mgeni hapaoni. Kuna vyuma vinavyofungana. Ukishaifungulia treni moja njia, huwezi kuifungulia nyingine ije kukutana nayo, hata uvute mpaka mishipa ikutoke. Jengo linakukatalia.

John Saxby alipata hataza ya mtambo wa namna hii mwaka 1856. Kwa nini basi haukuwa lazima kila mahali? Gharama, ndugu yangu. Mpaka Juni 12, 1889, huko Armagh, Ireland. Treni ya matembezi, imejaa watoto wa shule ya Jumapili, ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata vipande viwili. Mabehewa ya nyuma yakateremka kinyumenyume, yakaigonga treni iliyokuwa inafuata, ambayo iliruhusiwa kuondoka kwa kutazama saa tu. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria: breki zinazojifunga zenyewe, treni moja tu katika kipande kimoja cha reli, na vyuma vya kufungana. Miaka 3 baadaye kikajengwa kibanda hiki.

Nikiwa pale juu nikaikumbuka Igandu, Dodoma, Juni 24, 2002. Treni ya abiria iliteremka mlima kinyumenyume, ikagonga treni ya mizigo. Watu 281 wakapoteza maisha. Kati ya Armagh na Igandu ni miaka 113. Mlima, kinyumenyume, treni ya nyuma. Yaleyale.

Kibanda kiliacha kazi mwaka 1979. Leo kinalindwa na sheria ya majengo ya kale, na watu wa kujitolea wanakitunza. Anayesema majengo ya zamani ni mapambo ya watalii, aende akavute wenzo umkatalie.

Swali langu kwako msomaji: sisi somo la misiba yetu tunaliweka wapi? Kwenye ripoti ya kabatini, au kwenye chuma kinachoweza kusema hapana?