Mate, Pua na Uwanja wa Sib

Tarehe 1 Oktoba 2020 Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Muscat, ulioko Sib, ulifunguliwa tena kwa safari za kawaida baada ya miezi sita ya ukimya wa korona. Mtu mzima aliyeshuka pale alilipa riali 25, akakaa kitini, akainua uso, na mhudumu akamwingizia kijiti puani mpaka kule nyuma ambako pua hukutana na koo. Machozi yalimtoka hata aliyejikaza. Kisha alivishwa bangili iliyounganishwa na programu ya simu ya ufuatiliaji, Tarassud+, akaenda kukaa karantini siku 14.

Mwezi huohuo hospitali ya muda ilifunguliwa ndani ya jengo la zamani la abiria. Waswahili wa Al Khoud na Mabela, mitaa ya Sib, wanalijua jengo hilo. Uwanja ulipoanza kazi mwaka 1973, ukiitwa Uwanja wa Sib, ndio ulikuwa mlango wa ndugu wengi waliorejea Omani kutoka Unguja, Pemba na bara. Palepale walipopokelewa jamaa kwa vigelegele, sasa walilazwa wagonjwa wa korona waliokuwa wakihema kwa msaada wa oksijeni.

Katika haraka ile ni wachache waliouliza kwa nini sampuli itoke puani. Mimi naona lilikuwa swali la kuulizwa, kwa sababu mate yalitoa ushahidi wa virusi miaka mingi kabla ya kijiti kile kutengenezwa.

Mwaka 1804 daktari Mjerumani, Georg Gottfried Zinke, alichukua mate ya mbwa mwenye kichaa akayatia kwenye jeraha la mbwa mzima, naye akaugua. Hakuna aliyejua kirusi ni nini. Mwaka 1933 nchini Uingereza, Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walivipata virusi vya mafua ya binadamu kwa kutumia maji ambayo wagonjwa walisukutulia koo. Mwaka uliofuata, Claud Johnson na Ernest Goodpasture wa Marekani waliyachuja mate ya watoto wenye matubwitubwi, bakteria wakabaki kwenye chujio, na nyani waliopewa maji yaliyopita wakavimba mashavu. Hapo ndipo ilipothibitika kuwa matubwitubwi husababishwa na kirusi.

Basi mate yalipotezaje heshima? Nadhani kisa cha Louis Pasteur kinaeleza mengi. Desemba 1880, jijini Paris, alichukua mate ya mtoto aliyekufa kwa kichaa cha mbwa akawadunga sungura. Sungura walikufa upesi mno, na damu yao ilikuwa imejaa vijidudu. Ilionekana kama kiini cha kichaa kimepatikana, kumbe walikuwa bakteria ambao baadaye walijulikana kuwa ndio wa nimonia, na ambao hukaa hata katika vinywa vya watu wazima wasio na ugonjwa wowote. Kinywa kina wakazi wengi, na kwa mtaalamu anayetafuta mmoja kwa kuwaotesha au kuwadunga wanyama, mate ni sampuli ya kumchanganya. Pasteur akahamia kwenye ubongo na uti wa mgongo, na huko ndiko chanjo yake ya 1885 ilikotoka.

Kipimo cha PCR, kilichobuniwa na Kary Mullis mwaka 1983, hakisumbuliwi na umati huo. Kinatafuta kipande kimoja cha vinasaba na kukizidisha mpaka kionekane, hata wakazi wengine wa kinywa wawe wengi namna gani. Sababu kuu ya kuyakwepa mate ilikuwa imeondoka, lakini mazoea ya maabara yalibaki puani.

Afrika Mashariki mlango wa kupima kwa sampuli ya kinywa ulikuwa umeshafunguliwa na UKIMWI. Mei 2017 serikali ya Kenya ilizindua upimaji binafsi wa VVU, na moja ya njia zake ilikuwa kupangusa ufizi kwa kijiti bapa, kukichovya kwenye dawa na kusubiri dakika 20 hivi. Tanzania ilirekebisha sheria yake mwaka 2019 ili kuruhusu watu kujipima. Kipimo kile hutafuta kingamwili, wala si kirusi chenyewe, kwa hiyo tusikifananishe moja kwa moja na PCR ya korona. Ninachokithamini ni kwamba mtu aliyeogopa sindano, au kuonekana kwenye foleni ya kliniki, aliweza kujipima chumbani kwake.

Omani nayo ilikuwa na somo lake, na lilitoka kwa ngamia. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Chantal Reusken walitangaza kuwa ngamia wote 50 wa Omani waliowapima, wastaafu wa mashindano, walikuwa na kingamwili za kirusi cha MERS, ambacho ni cha jamii ya korona, au ndugu yake wa karibu. Katika ngamia kirusi hicho hukaa puani. Kwa binadamu hushuka mapafuni, hata sampuli ya pua inaweza kusema hakuna kitu ilhali mgonjwa anazidiwa. Kirusi ni kilekile, ila makao yake yanatofautiana kati ya mnyama na mtu, na sampuli sharti ifuate makao hayo.

Korona ilipoanza, Hong Kong haikusubiri. Februari 2020 Kelvin To na wenzake waliripoti kuwa wagonjwa 11 kati ya 12 walikuwa na kirusi mateni, na muda si mrefu abiria waliofika huko walikuwa wakikohoa mate ya kooni kwenye chupa wao wenyewe. Machi, vijiti viliadimika duniani. Kampuni ya Copan, mtengenezaji mkubwa, iko Brescia, katikati ya eneo lililoathirika zaidi wakati huo nchini Italia, na ndege ya jeshi la Marekani ilitumwa kubeba shehena ya vijiti. Agosti, kipimo cha SalivaDirect cha Chuo Kikuu cha Yale kiliruhusiwa: chombo kisafi, kimeng'enya, joto la nyuzi 95 kwa dakika tano, kisha PCR. Viwanja vya ndege vya Japani viliweka vibanda vya kutemea mate, na ukutani picha za ndimu na plamu za chumvi ili kinywa kilichokauka safarini kipate maji.

Mate yana masharti yake. Aliyetoka kunywa kahawa na kula tende lazima asubiri nusu saa. Mfungaji saa kumi alasiri ana mate machache na mazito. Mzee anayetumia dawa zinazokausha kinywa atahangaika. Isitoshe, majibu hubadilika na aina ya kirusi: huko Cape Town mwishoni mwa 2021, pua ilikamata Delta vizuri kuliko mate, ilhali kwa Omicron mate yaliipita pua.

Kwa hiyo sidai kijiti kitupwe. Nataka njia zote mbili ziwe tayari, zikiwa zimelinganishwa kwa wagonjwa walewale, na Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos iko palepale Al Khoud. Dubai, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Sib, iliruhusu mwaka 2021 watoto wa miaka 3 hadi 16 wapimwe kwa mate. Mama wa Mabela anayemshika mwanawe kichwa ili kijiti kipite anastahili ruhusa hiyohiyo, na aipate kabla mlipuko mwingine haujafika.