Kinanda cha kanisani: mabomba, nyuzi na mpaka wa Malaba

Neno "kinanda" kwetu Pwani lina ukoo mpana: kibangala cha wazee wa Lamu ni kinanda, na harmonia ya taarabu nayo ni kinanda. Kanisani jina hilo hubebwa na ogani, ambayo kubwa kuliko zote ni ile ya mabomba.

Ogani hiyo huimba kwa upepo. Zamani watu walivuta mivukuto, siku hizi ni mota. Mpigaji akibonyeza kitufe, valvu hufunguka na upepo huingia bombani. Ogani ya kawaida ina vitufe 61 kwa kila safu ya mkono, na 30 au 32 vya miguu. Mabomba hupimwa kwa futi: safu ya futi 8 hutoa sauti kama ilivyoandikwa, ya futi 16 hushuka oktava moja, ya futi 4 hupanda oktava moja. Ni chombo cha gharama kubwa, na joto likipanda sauti ya mabomba hupanda nalo.

Busia na Malaba, ninakokwenda mara kwa mara, kazi hiyo naisikia kwenye nyuzi. Wateso, waliogawanywa na mpaka tangu mwaka 1902, wana adeudeu: kinubi cha gogo lililochongwa na kuwambwa ngozi, na shingo iliyopinda yenye vigingi vya kukazia nyuzi. Jamaa yake ni adungu ya Waalur wa kaskazini-magharibi mwa Uganda. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) kuruhusu ala za wenyeji, vinubi vya namna hii vilipata nafasi kubwa katika misa za Kikatoliki. Hupigwa kwa kundi, kikubwa, cha kati na kidogo. Kwangu mimi hizo ndizo futi 16, 8 na 4 bila bomba hata moja.

Kinachonitia wasiwasi si ukosefu wa ogani, ni kibodi ya umeme. Muziki wa Kiteso wa asili hutembea kwa sauti tano, kibodi imefungwa kwenye mpangilio wake wa Kizungu. Vikipigwa pamoja, kinubi ndicho kinachokazwa upya kuifuata kibodi, na nyimbo za sauti tano hukosa pa kukaa.

Ukilala Malaba Jumamosi, wahi kanisani kabla ya misa, wakati nyuzi zinapatanishwa na spika hazijawashwa.