Macho na Akili: Habari ya Ziwa Letu

Sisi tukaao milimani Rurambo twajua jambo hili: mtu ashukapo kwenda Uvira, ziwa halimtokei lote mara moja. Kwanza huona kipande cheupe huko chini. Mwenyeji husema mara, "Ni ziwa." Mgeni hudhani ni ukungu. Wote wana macho mazima. Mbona hawaoni sawasawa?

Habari za zamani zatufundisha. Tarehe 13 Februari 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika juu ya kilima mashariki ya ziwa Tanganyika. Speke aliugua macho, hakuona vema. Burton aliona mstari wa mwanga, akauliza ni nini. Kiongozi wao, Sidi Mubarak Bombay, akamjibu kuwa ni maji. Burton akasikitika sana: miti ilificha sehemu kubwa, akadhani ziwa ni dogo na taabu yote ya safari ni bure. Akasogea hatua chache, na ghafula ziwa lote likamtokea, pamoja na milima ya Kongo ng'ambo yake. Akajaa furaha. Ziwa halikubadilika, yaliyobadilika ni yale yaliyolizunguka machoni pake.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 1975 Stephen Palmer wa Marekani aliwaonyesha watu picha ya jiko, kisha, kwa kufumba na kufumbua, picha ya kitu kimoja. Mkate waliutambua vema. Sanduku la barua, lenye umbo kama la mkate, waliwahi kulikosea. Jiko lilikwisha kuwaambia watazamie nini. Kumbe ubongo hutazama mahali, hukumbuka yaliyopita, ndipo hukisia. Mara nyingi hupata. Mara nyingine hutudanganya.

Na tumaini hudanganya kuliko miti. Aprili 1858 wasafiri wale walifika Uvira, wakitumaini kwamba Rusizi hutoka ziwani kwenda mto Nile. Wenyeji wakawaambia kuwa huingia ziwani. Hawakufika kuuona wenyewe. Na mwaka 1864 Burton aliandika tena kwamba huenda hutoka. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi hadi mlangoni pake, wakaona maji yanaingia, kama wenyeji walivyosema.

Basi, ndugu, kabla ya kuapa, "Nimeona mwenyewe," tusogee hatua chache mbele, tena tumsikilize mwenyeji wa mahali.