Maili Kumi za Mwambao wa Kenya

Mwambao wa Kenya ni nchi nyembamba ianzayo Vanga na kupanda kaskazini hata Kipini, palipo mlango wa Mto Ozi. Na mbele ya hapo vipo visiwa vya Lamu. Upande wa mashariki ni bahari, yenye mahori yaingiayo bara, kama Mtwapa na Kilifi. Upande wa magharibi ni Nyika, ambako mvua ni haba. Katikati ndipo minazi inapostawi, na ndipo watu walipojenga miji na kaya.

Uingereza na Ujerumani zilipopatana mwaka 1886, zilimkubalia Sultani wa Unguja ukanda wa maili 10 tu kutoka pwani. Mstari huo haukufuata mto wala kilima, wala haukuuliza mashamba ya Mijikenda yanaishia wapi. Sehemu ya kusini Sultani aliitoa kwa Wajerumani mwaka 1890 kwa malipo ya mara moja. Sehemu ya Kenya ilipangishwa: kwa mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895, Sayyid Hamed bin Thuwaini aliwaachia Waingereza utawala kwa pauni 17,000 kila mwaka. Bendera yake nyekundu ilibaki, pamoja na maliwali, mamudiri na makadhi. Majimbo yakawa mawili, Seyyidie penye Mombasa na Tanaland penye Lamu. Hata bara ilipofanywa Koloni mwaka 1920, mwambao uliendelea kuitwa Himaya.

Lakini jambo lililogusa maisha ya watu zaidi ya bendera ni sheria ya ardhi ya mwaka 1908. Kila adaiye shamba katika ukanda alitakiwa kulithibitisha. Lisilothibitishwa likawa mali ya Serikali. Mwenye hati alinusurika. Mijikenda waliolima kwa haki ya ukoo, na watumwa walioachwa huru kwa sheria ya mwaka 1907, wengi wao hawakuwa na karatasi. Ndivyo mtu alivyokuja kuitwa skwota penye kaburi la babu yake.

Tarehe 8 Oktoba 1963 Sultani aliacha dai lake, na Kenya ikaahidi kuzihifadhi mahakama za makadhi. Ahadi hiyo imo hata katika Katiba ya mwaka 2010. Mkoa wa Pwani nao umekwisha, na tangu mwaka 2013 mahali pake pana kaunti sita. Hati zilizotolewa chini ya sheria ile, hata hivyo, hazikufutwa pamoja na Himaya. Na kwa hiyo swali la nani mwenye shamba lingali likiulizwa Kilifi na Kwale.